Corradino D'Ascanio: Mhandisi wa helikopta aliyeipa dunia Vespa

Tarehe 6 Agosti 1981 alifariki dunia mjini Pisa, Italia, mhandisi Corradino D'Ascanio, akiwa na umri wa miaka 90. Afrika Mashariki jina hilo halina mwangwi mkubwa, lakini kazi ya mikono yake hupita mbele ya macho ya watu wa kanda hii asubuhi na jioni. Vespa zinazopenya mitaa ya Unguja zina asili yake kwenye ubao wa kuchorea wa mhandisi huyo, na bajaji inayosubiri abiria kituoni Dar es Salaam ni mjukuu wa chombo cha magurudumu matatu alichokichora mwishoni mwa miaka ya 1940.

D'Ascanio mwenyewe hakuihesabu skuta kuwa kazi ya maisha yake. Alijiona mtu wa anga. Helikopta yake iliweka rekodi za dunia miaka 16 kabla ya Vespa ya kwanza kuuzwa, na hadi uzeeni alisikitika kwamba watu walimkumbuka kwa chombo kilicho jamaa wa pikipiki, mashine ambayo hakuwahi kuipenda.

Kijana aliyewapima ndege

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1891 huko Popoli, mji mdogo uliozungukwa na milima ya Abruzzo, katikati ya Italia. Alikuwa na miaka 12 pale ndugu wawili wa familia ya Wright, nchini Marekani, walipofanikiwa kuruka kwa chombo chenye injini. Miaka mitatu baadaye kijana huyo wa Popoli alikuwa tayari amewachunguza ndege wa porini, akilinganisha uzito wa miili yao na upana wa mbawa zao, na kwa hesabu hizo akaunda eropleni isiyo na injini na kuijaribu kwenye vilima vya jirani na kwao.

Mwaka 1914 alihitimu uhandisi wa mitambo katika chuo cha ufundi cha Torino. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshawaka Ulaya. Alijiunga na jeshi, akapangiwa kikosi cha wanaanga huko Piemonte, na kazi yake ikawa kupima injini. Alitumwa pia Ufaransa kusaidia kuchagua injini ya ndege ambayo Italia ingeweza kuitengeneza viwandani mwake. Iliyochaguliwa ni Le Rhône, na inafaa kuitazama kwa makini kidogo, kwa sababu inaeleza ni shule ya namna gani iliyomlea mhandisi huyu.

Katika Le Rhône silinda zote huzunguka pamoja na pangaboi, huku krenki ikiwa imefungwa palepale kwenye bodi ya ndege. Kabureta haiwezi kufungwa kwenye silinda zinazozunguka kwa kasi kama ile. Mchanganyiko wa petroli na hewa ulipitishwa ndani ya krenki yenye uwazi, ukaingia tumboni mwa injini, kisha ukapanda kwenye kila silinda kwa mabomba ya shaba yaliyoonekana wazi kwa nje. Mhandisi kijana aliyeshinda karibu na mashine hizo alijifunza mapema kwamba nguvu ya injini huanzia kwenye pumzi yake: hewa inaingia kwa njia gani, inakutana na petroli wapi, na ni kiasi gani kinachopotea njiani.

Mwaka 1916 alihamia katika kiwanda cha ndege cha Pomilio, na mwaka 1918 akavuka bahari kwenda Indianapolis, Marekani, ambako ndugu wa familia ya Pomilio walikuwa wamefungua kampuni. Hakukaa sana. Mwaka 1919 alikuwa amerudi Popoli.

Dakika nane na sekunde arobaini na tano

Hapo ndipo ilipoanza kazi aliyoipenda kuliko zote. Mwaka 1925 aliungana na Pietro Trojani, mtu wa ukoo wa makabaila wa Abruzzo, aliyekubali kutoa fedha zake kwa ajili ya chombo ambacho wengi wakati ule walikiona kuwa ndoto: ndege inayopaa wima bila kukimbia kwenye uwanja. Herufi za kwanza za majina yao zikawa jina la mashine zao, DAT. Ya kwanza haikufanikiwa. Ya pili nayo ilivunja matumaini. Trojani aliendelea kutoa fedha, na D'Ascanio akaendelea kuchora.

Tatizo lililomsumbua ndilo lililowasumbua wote waliojaribu helikopta katika miaka hiyo. Kuinua chombo kutoka ardhini lilikuwa jambo moja. Kukituliza hewani na kukielekeza lilikuwa jambo jingine kabisa. Pangaboi moja kubwa juu ya chombo hukigeuza chombo chenyewe kizunguke kinyume chake. D'Ascanio aliweka rota mbili juu ya mhimili mmoja, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake, ili msukumo wa moja ufutwe na wa nyingine. Kisha, kwenye ukingo wa nyuma wa kila panga, alifunga kibawa kidogo kilichoweza kubadili pembe ya panga hilo huku likizunguka. Kwa njia hiyo rubani aliweza kukiinamisha chombo upande autakao bila kupambana na uzito wa mapanga yenyewe.

Mwezi Oktoba 1930, katika uwanja wa ndege wa Ciampino karibu na Roma, DAT 3 ilipaa ikiendeshwa na rubani Marinello Nelli. Ilikaa hewani dakika 8 na sekunde 45. Katika majaribio hayo ilisafiri mita 1,078 na kufika kimo cha mita 18. Kwa msomaji wa leo hizo ni tarakimu za mchezo wa mtoto, lakini zilikuwa rekodi za dunia, na zilidumu kwa miaka kadhaa.

Zilichokosa ni mnunuzi. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, na serikali ya kifashisti ya Italia ilitaka ndege za kawaida kwa wingi, si chombo cha ajabu kinachoelea kimo cha nyumba ya ghorofa tano. Mwaka 1932 kampuni ya D'Ascanio na Trojani ilifungwa. Mhandisi aliyekuwa na rekodi za dunia mkononi akaajiriwa na kampuni ya Piaggio kuchora pangaboi za ndege, zile ambazo pembe ya mapanga yake huweza kubadilishwa ndege ikiwa angani. Alikuwa hodari wa kazi hiyo, na pangaboi hizo zilimjengea heshima kubwa. Tangu 1937 alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Pisa, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata hivyo si sahihi kuihesabu miaka hiyo kuwa ya kupumzika kutoka kwenye helikopta, alikuwa akisubiri.

Mtu asiyependa pikipiki

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, katika mkoa wa Toscana, kilikuwa kifusi. Kilikuwa kimetengeneza ndege za kivita na kwa hiyo kilishambuliwa kwa mabomu. Italia iliyoshindwa haikuruhusiwa kuendelea na ndege. Enrico Piaggio, mkuu wa kampuni, alikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulisha na mitambo ya kukunja bati ambayo haikuwa na la kufanya. Barabara zilikuwa zimeharibika, magari ni machache, na watu walihitaji chombo rahisi cha kuwafikisha kazini.

Wahandisi wake walikuwa wameshaunda skuta moja ya majaribio, MP5, iliyobandikwa jina la utani Paperino, yaani lile ambalo Waitaliano humwita bata wa katuni Donald Duck. Enrico Piaggio hakuridhika nayo. Alimwita D'Ascanio aitazame, na yeye hakuipenda hata kidogo. Badala ya kuirekebisha, alianza upya.

Alianza kwa kuorodhesha yale yaliyomchukiza katika pikipiki. Mnyororo huchafua nguo. Gurudumu likipata pancha barabarani, kulitoa ni adhabu. Mpanda pikipiki hulazimika kurusha mguu juu ya tangi la petroli, jambo gumu kwa mwanamke aliyevaa sketi au padri mwenye kanzu. Injini moto huwa katikati ya mapaja. Alipomaliza kulalamika, mchoro ulikuwa karibu umekamilika.

Injini aliihamishia nyuma, kando ya gurudumu, ikiliendesha moja kwa moja kwa meno ya gea bila mnyororo. Mahali pa fremu ya mabomba aliweka bodi ya bati la chuma lililokunjwa, linalobeba uzito wote lenyewe, kama ilivyo kwa mwili wa ndege. Gurudumu la mbele lilishikwa kwa mkono mmoja tu upande mmoja, mfano wa gurudumu la ndege la kutulia, ili lifunguliwe kwa kutoa nati chache. Gea zikapanda kwenye mpini wa kushoto. Mbele ya magoti kukawa na ngao ya bati ya kuzuia matope na upepo, na katikati nafasi wazi ya kupitisha miguu.

Husimuliwa kwamba Enrico Piaggio alipoiona, kiuno chembamba na makalio mapana, na alipousikia mlio wake, alisema inafanana na nyigu, ambaye kwa Kiitaliano ni vespa. Tarehe 23 Aprili 1946 hataza ya chombo hicho iliwasilishwa mjini Firenze. Vespa ya kwanza ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 98, nguvu za farasi 3.2 na mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa. Mwaka huo ziliuzwa chini ya 2,500. Mwaka uliofuata zilivuka 10,000. Mwaka 1953 filamu ya Hollywood iliwapandisha Audrey Hepburn na Gregory Peck juu ya Vespa katika barabara za Roma, na mwaka 1956 kiwanda cha Pontedera kilisherehekea Vespa ya milioni moja.

Pumzi ya injini

Kinachosahaulika katika habari hizi za mafanikio ni injini yenyewe. Ni ya mapigo mawili, haina vali kama za gari, na mafuta ya kulainisha huchanganywa ndani ya petroli. Kabureta hutoa mchanganyiko, mchanganyiko huingia kwanza katika tumbo la injini chini ya pistoni, unapita ukilowanisha krenki na bearingi, kisha husukumwa juu kwenye silinda ili uwake. Aliyewahi kuiona Le Rhône ikifunguliwa ataitambua njia hiyo ya kupitia tumboni, ingawa mashine hizo mbili hazina ukoo wa moja kwa moja.

Katika Vespa za kwanza pistoni yenyewe ndiyo iliyofungua na kufunga tundu la kuingizia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Piaggio ilibadili mpango huo: kabureta ikalishia moja kwa moja kwenye tumbo la injini, na bamba la krenki, kwa kuzunguka kwake, likawa ndilo mlango. Nafasi kati ya bamba hilo na ukuta wake ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Injini ikapumua vizuri zaidi, na mafuta ya kuchanganya yakapungua hadi asilimia 2.

Palipo na mashine ya kuendea kazini hapakosi mtu wa kutaka kushindana nayo. Kiwanda chenyewe kilitangulia. Mwaka 1951 Vespa zilirudi na medali tisa za dhahabu kutoka mashindano ya kimataifa ya siku sita yaliyofanyika Varese. Mwezi Februari mwaka huohuo, katika barabara kuu ya Roma hadi Ostia, dereva Dino Mazzoncini aliingia ndani ya Vespa iliyofunikwa bodi kama samaki, iliyoitwa Siluro, yaani topido. Injini yake ilikuwa na ujazo wa 125 tu, lakini ilikuwa na pistoni mbili zinazotazamana na kabureta mbili za kuilisha. Ilifikia wastani wa kilomita 171 kwa saa. Miezi michache baadaye wapinzani wao wa Lambretta walivuka 200. Mbio hizo za viwanda viwili ziliishia hapo, lakini gereji zilikuwa zimeshapata somo.

Mwaka 1963 ilitoka Vespa ya mwisho iliyochorwa na D'Ascanio, Vespa 50. Sheria ya Italia iliruhusu chombo chenye injini ndogo kiasi hicho kuendeshwa na kijana wa miaka 14 bila leseni wala namba za usajili, kwa sharti kwamba nguvu yake isizidi farasi 1.5 na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Ilikuwa skuta ndogo, nyepesi, iliyobanwa makusudi. Haikupita muda mrefu vijana wakataka kuifungua.

Hadi leo Vespa hiyo na dada zake wa umbo dogo ndizo zinazopendwa na mafundi wa kuongeza kasi wa Ulaya na kwingineko. Hatua ya kwanza huwa silinda kubwa zaidi. Ya pili, ambayo ndiyo inayowashinda wengi, ni kabureta na manifodi, lile bomba fupi linaloipeleka pumzi ya kabureta kwenye tumbo la injini. Kabureta ya kiwandani ilikuwa na kipenyo cha milimita 16. Fundi huweka ya 19, au ya 24, na hapo ndipo mchoro wa D'Ascanio humwonyesha mipaka yake.

Injini ya Vespa imeshikwa kwa mhimili mmoja mbele, nayo hupanda na kushuka pamoja na gurudumu. Kabureta, ambayo ipo juu ya injini ndani ya bodi chini ya kiti, hupanda na kushuka pia. Manifodi hupita katika tundu la bodi lililozibwa kwa mpira. Kabureta ya kiwandani inacheza humo bila kugusa chochote. Iliyo kubwa inaweza kulala vizuri gereji, kisha ikagonga bati au tangi mara tu mtu wa pili anapokaa nyuma na gurudumu kuangukia shimo. Fundi mzoefu huikandamiza skuta kwa nguvu zake zote akiwa na tochi mkononi kabla ya kufunga kiti. Mpira wa petroli nao huachwa na urefu wa kutosha kufuata mwendo huo, lakini usilegee hadi ukajikunja, kwa kuwa petroli hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi na kiputo cha hewa katika mkunjo kinatosha kuizuia.

Kazi nzito zaidi ipo kwenye uso unaokutanisha manifodi na injini. Tundu la manifodi mpya likiwa kubwa kuliko tundu la tumbo la injini, ngazi iliyobaki katikati huivuruga hewa, na kabureta kubwa haileti faida yoyote. Matundu hayo husagwa hadi yalingane, na gasketi hukatwa kwa kipimo hichohicho isije ikachungulia ndani. Kusaga nako kuna kikomo: akila ukuta ambao bamba la krenki hutegemea kuufunga, fundi ameharibu mlango wenyewe. Wengi hupona kosa hilo, au mikwaruzo ya uzee, kwa kufunga manifodi yenye vali ya vibamba vyembamba vinavyofunguka na kujifunga kwa msukumo wa hewa. Uso wa manifodi husuguliwa kwa msasa mwembamba uliolazwa juu ya kioo hadi uwe bapa. Nati hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwani aluminiamu ya miaka 60 hung'oa nyuzi zake bila kuonya.

Uangalifu wote huo una sababu moja. Hewa ikivuja kati ya manifodi na injini, inaingia bila petroli yake. Katika injini ya gari hilo ni tatizo la mwendo mbaya. Katika injini ya mapigo mawili, upungufu wa petroli ni upungufu wa mafuta ya kulainisha kwa wakati mmoja, kwa sababu vyote viwili husafiri pamoja. Pistoni hupata joto, hutanuka, hung'ang'ania silinda. Gurudumu la nyuma hujifunga ghafla katikati ya barabara, na mpandaji ana nusu sekunde ya kubana klachi. Dalili hutangulia: mlio unaopanda wenyewe baada ya kuachia mafuta na kukataa kushuka, au plagi inayotoka nyeupe kama chaki mahali pa rangi ya kahawa. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara huanza na jeti kubwa kuliko inayohitajika, skuta ikohoe moshi kwa muda, kisha huipunguza hatua kwa hatua huku akiisoma plagi kila baada ya kipande cha barabara. Kuanza na jeti ndogo na kupanda ni kucheza kamari na meno ya mwenyewe.

Na breki, ikumbukwe, zilichorwa kwa farasi 1.5.

Kutoka Pontedera hadi bajaji

Wakati vijana wa Italia wakisaga matundu, mchoro mwingine wa D'Ascanio ulikuwa umeshasafiri mbali zaidi. Mwaka 1948 alikuwa ameikata Vespa nyuma ya kiti na kuunganisha ekseli ya magurudumu mawili yenye sanduku la mizigo. Chombo hicho kiliitwa Ape, yaani nyuki, na kazi yake ilikuwa kubeba mboga, makaa na fanicha katika Italia iliyokuwa haina malori ya kutosha.

Kampuni ya Bajaj ya India, ambayo ilianza kuagiza Vespa kutoka Italia mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipata mwaka 1959 kibali cha serikali yake cha kuzitengeneza nchini humo pamoja na vile vya magurudumu matatu. Mkataba wake na Piaggio ulipofikia ukomo mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliendelea kwa jina lake yenyewe. Vyombo vya magurudumu matatu kutoka India vilipofika Tanzania, jina la kampuni lilikuwa limeandikwa kwenye bati, na Kiswahili kikalichukua na kuliongezea irabu. Kenya ilichukua jina jingine, tuktuk. Abiria anayepanda mojawapo huingia katika chombo ambacho mhandisi wa Abruzzo alikichora kwa ajili ya mboga.

Kurudi angani

Mara tu masharti ya baada ya vita yalipolegea, D'Ascanio alirudi kwenye rota zake. Piaggio ilimruhusu kuunda helikopta kadhaa za majaribio, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mojawapo, PD4, ilipaa. Ajali ikatokea, na kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa ikizalisha skuta kwa makumi ya maelfu, haikuona sababu ya kuendelea kumwaga fedha katika chombo kisichouzika. Ni vigumu kuwalaumu waliofanya uamuzi huo, na ni vigumu vilevile kutomhurumia aliyeupokea. Nchini Marekani, Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kiev, alikuwa ameshapata alichokikosa yeye: kiwanda, jeshi lenye fedha na muda. Jina la Sikorsky ndilo lililobaki kwenye helikopta.

Katika miaka ya 1960, akiwa amepita umri wa miaka 70, D'Ascanio aliachana na Piaggio na kwenda kampuni ya Agusta, kwa kuwa yenyewe ilitengeneza helikopta. Huko alichora ADA, helikopta ndogo na nyepesi ya kufundishia marubani, ambayo ingeweza pia kutumika mashambani. Haikuingia katika uzalishaji mkubwa.

Miaka yake ya mwisho aliipitisha Pisa, mji alioufundishia. Mwaka aliofariki, kiwanda cha Pontedera, umbali wa takriban kilomita 20 tu kutoka mjini humo, kilikuwa bado kinatengeneza Vespa. Helikopta hakikuwa kinatengeneza hata moja.